Kutoka Mgongoni hadi Kijijini: Watoto wa Chaka na Nyeri Tangu Enzi za Agumba

Anayetoka Nyeri kwenda Nanyuki hupita Kiganjo, kisha Chaka, kabla ya kuikaribia Naro Moru. Mkono wa kulia ni Mlima Kenya, ambao Wagikuyu huuita Kirinyaga. Mkono wa kushoto, kwa mbali, ni safu ya Nyandarua. Katikati kumetandaa nyanda kavu za Kieni, ambako mvua ya mlima mara nyingi huishia njiani. Saa kumi na moja jioni, shule zikishafungwa, barabara hujaa watoto. Huyu anakokota kondoo kwa kamba, yule amebeba mtungi wa maji, na dada mtu amemfunga mdogo wake mgongoni kwa leso huku akimsaidia mama kupanga vitunguu na viazi kando ya lami.

Historia ya mahali hapa kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya wakubwa: machifu, wamisionari, walowezi, majenerali wa msituni, marais. Lakini kila jambo walilolifanya wakubwa hao lilifika mlangoni kwa mtoto, na likifika lilibadilisha kazi ya mikono yake. Kuna zama ambapo kazi hiyo ilikuwa ndiyo shule. Zikaja zama ambapo kazi iligeuzwa adhabu. Baadaye shule yenyewe ikawa ndiyo kazi. Anayetaka kuielewa Nyeri ya leo na aifuate mikono hiyo midogo tangu mwanzo.

Waliotangulia: karne ya 12 hadi ya 17

Ibn Battuta alipoingia Kilwa mwaka 1331, alikuta mji wa wafanyabiashara na wanazuoni, na yale aliyoyaona tunayasoma hadi leo. Wakati huohuo, bara, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kulikuwa na watu ambao hakuna msafiri aliyewaandika. Masalia yao yalipatikana Gatung'ang'a, karibu na Karatina, ambako mwanaakiolojia kutoka Finland, Ari Siiriäinen, alichimba na kukuta vigae vya vyungu vya watu wa zama za chuma walioishi hapo takriban kati ya karne ya 12 na ya 14.

Mtoto haachi mengi ardhini. Ng'ombe aliyemfinyanga kwa udongo hurudi kuwa udongo mvua ikinyesha, na kibuyu chake huoza. Kinachobaki ni masimulizi. Wazee wa Kigikuyu waliwasimulia wajukuu habari za Agumba, watu wafupi waliokaa katika nyumba za mashimo, ambao siku moja walitoweka. Mashimo makubwa yaliyoonekana hapa na pale msituni yalikuwa ushahidi tosha kwa mtoto. Baada ya Agumba, masimulizi huwataja Athi, wawindaji na warina asali, ambao Wagikuyu waliwakuta walipokuwa wakiusogelea mlima.

Kwa kumbukumbu yao wenyewe, Wagikuyu walianzia Mukurwe wa Nyagathanga, katika Murang'a ya leo, wakaenea kaskazini mgongo mmoja baada ya mwingine. Kufikia karne ya 17 na ya 18 walikuwa wakifyeka misitu ya Tetu na Mathira, katika Nyeri ya leo. Ardhi ya Athi ilipatikana kwa mbuzi na kwa udugu: mzee wa Kigikuyu na mzee wa Kiathi waliasiliana, na watoto wao wakahesabiwa kuwa wa nyumba moja. Kwa hiyo tangu mwanzo wa makazi haya, mtoto ndiye aliyekuwa muhuri wa mapatano.

Mtoto wa itura: karne ya 18 hadi miaka ya 1880

Hapa ni lazima msomaji asahau picha ya kijiji chenye nyumba zilizosongamana. Nchi ya Nyeri imepasuliwa na mito inayoshuka kutoka mlimani na Nyandarua, na kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu wa ardhi. Wagikuyu huuita rugongo, na sikio la Mswahili linaitambua mara moja nasaba ya neno hilo. Kila mji, yaani mucii, ulisimama peke yake ndani ya ua wake: nyumba ya kila mke, thingira, yaani nyumba ya baba, maghala ya nafaka na uwanja wa mbele. Miji kadhaa iliyotawanyika ya watu waliosaidiana na kutahiri pamoja ndiyo iliyofanya itura. Jirani alisikika akiita, lakini ili kumfikia ilibidi uvuke shamba.

Mtoto alipozaliwa, itura lilipata habari kwa vigelegele: vitano kwa mvulana, vitatu kwa msichana. Jina lilikwishajulikana kabla hajalia. Mwana wa kwanza aliitwa babu yake mzaa baba, wa pili akaitwa babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Hivyo mama aliweza kumwita mwanawe wa pili "baba", naye babu akamwita mjukuu "mwenzangu", maana walikuwa jina moja. Mtoto hakuwahi kuwa mgeni duniani. Alikuja kumrudisha mtu.

Lakini kuzaliwa mara moja hakukutosha. Kabla ya kutahiriwa ilimpasa azaliwe tena. Siku hiyo mbuzi alichinjwa, mtoto akaketishwa katikati ya miguu ya mama yake, utumbo wa mbuzi ukazungushwa ukawaunganisha wawili hao kama kitovu. Mwanamke mwingine akaukata, na mtoto, ambaye huenda alikuwa mkubwa wa kuchunga mbuzi, akalia kama kichanga. William na Katherine Routledge, mume na mke Waingereza waliokaa Nyeri miaka ya kwanza ya karne ya 20, waliieleza desturi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1910. Asiyezaliwa mara ya pili hakuweza kutahiriwa wala kushiriki kumzika baba yake. Tendo hilo lilimfundisha mtoto kwamba mama humzaa kwa mwili, na watu wake humzaa kwa kukubali kuwa ni wao.

Malezi yenyewe yalikuwa kazi, nayo ilipimwa kwa kimo cha mtoto. Aliyeanza kutembea alipewa kibuyu kidogo, akafuatana na mama mtoni na kurudi na maji ya kunywa paka. Hakuna aliyemcheka. Mwaka uliofuata kibuyu kilikuwa kikubwa kidogo. Msichana alijifunza kusokota nyuzi za kiondo akiwa anatembea, kumbeba mdogo wake mgongoni, na kuinamia mzigo wa kuni ulioshikwa na mkanda wa ngozi kwenye paji la uso. Mvulana alianza na wanambuzi karibu na ua, akapandishwa hadi kundi la mbuzi, kisha ng'ombe, na kila hatua ilimpeleka mbali zaidi na moshi wa nyumbani.

Kazi iliyopendwa kuliko zote ilikuja mtama na mawele yalipoanza kuiva. Jukwaa la miti lilisimamishwa katikati ya shamba, na watoto wakapanda juu alfajiri, umande ukingali kwenye majani. Kila mmoja alikuwa na kombeo na rundo la vidonge vya udongo. Ndege walikuja kwa makundi kama wingu, na hapo zikaanza kelele, nyimbo na mashindano ya shabaha. Aliyelala kazini alijulikana jioni kwa masuke matupu. Kutoka jukwaani mtoto aliona mgongo mzima: shamba la nani limepaliwa, nani anajenga, moshi wa nani haujaonekana tangu jana. Alijifunza jiografia, ujirani na uwajibikaji, wala hakujua kuwa anasoma.

Usiku ulikuwa na masomo yake. Ndani ya nyumba ya mama, chungu cha njahi, aina ya maharagwe, kikichemka kati ya mafiga matatu, mtu mmoja alianza: "Gwata ndai!" Nao wakajibu: "Ndagwata!" Ni kama Mswahili anaposema "Kitendawili!" akaitikiwa "Tega!" Aliyeshindwa alitoa fidia ya maneno, na kupitia fidia hiyo akajifunza kukubali kushindwa. Zikafuata hadithi za irimu, zimwi mla watu. Mara nyingi aliyeokoka katika hadithi hizo ni mtoto aliyesikia alichoambiwa.

Tusiyapambe maisha hayo kupita kiasi. Watoto wengi hawakuufikia umri wa kuchunga. Mapacha wa uzazi wa kwanza walihesabiwa kuwa mkosi, na mara nyingi hawakuachwa waishi. Utoto ulimalizika kwa irua, tohara, na wasichana pia walikatwa. Jeraha hilo lingekuja kuwagawa watu vibaya baadaye, na sheria ya Kenya ililipiga marufuku kabisa mwaka 2011. Tohara iliwaunganisha waliotahiriwa pamoja katika rika moja lenye jina lake, na kwa majina ya marika Wagikuyu walihesabu miaka kama wengine wanavyohesabu kwa namba.

Nyanda ambako leo ipo Chaka zilikuwa mpaka. Upande wa msitu walikaa wakulima, na upande wa majani marefu wa Laikipia walilisha Wamaasai. Walivamiana, waliuziana na walioana. Hata vita vikipamba moto, wanawake wa Kigikuyu walivuka na mizigo ya unga na vyungu, wakarudi na ngozi na mifugo. Katika nyumba nyingi za upande huu wa Nyeri kulikuwa na bibi wa Kimaasai, na mtoto aliyemchungia mbuzi alikua akizisikia lugha mbili.

Njaa na bendera: 1890 hadi 1918

Miaka ya 1890 ilikuja na mapigo yaliyofuatana. Sotoka iliua ng'ombe, nzige wakala mimea, mvua ikakatika, na ndui ikawakuta watu wameshadhoofika. Njaa ya mwaka 1898 na 1899 iliitwa Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa sababu iliandamana na ujio wa wazungu. Iliumiza zaidi kusini, Kiambu. Nyeri ilikuwa na chakula kiasi, hivyo familia zilitembea kuja kaskazini, na wengine walianguka njiani. Ndipo mtoto alipogeuka akiba ya mwisho: wazazi waliwaweka binti zao rehani kwa wenye nafaka, wakitumaini kuwakomboa mvua ikirudi. Wapo waliokombolewa, na wapo waliolelewa, wakaolewa na kuzeeka katika miji iliyowapokea. Baadhi ya jamaa za Nyeri zinaanzia kwa msichana wa namna hiyo.

Desemba 1902 Waingereza walianzisha kituo chao Nyeri. Katika misafara ya kivita iliyoendelea hadi mwaka 1904, nyumba zilichomwa na mifugo ikatwaliwa kwa maelfu. Katika vitabu hilo ni adhabu waliyopewa watu wa Tetu na Mathira. Kwa mvulana wa miaka tisa ilimaanisha kuamka asubuhi akiwa hana cha kuchunga, naye alikuwa amefundishwa kwamba mbuzi hao ndio thamani yake mbele ya baba.

Kisha ikaja kodi ya nyumba, iliyotakiwa kulipwa kwa fedha. Fedha ilipatikana kwa vibarua, kwa hiyo baba na kaka wakubwa waliondoka. Kazi zao zikashuka ngazi moja: mvulana mdogo akachunga ng'ombe kabla ya wakati wake, msichana akaacha kucheza na kushika jembe. Kati ya mwaka 1911 na 1913 Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia, na soko la mpakani likafa. Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 viliwachukua vijana kuwa wapagazi wa jeshi, Kariakor, na wengi hawakurudi. Mwaka 1918 homa ya mafua ikafuata. Tangu hapo mtoto wa Nyeri alianza kuzoea jambo ambalo babu zake hawakulijua: nyumba yenye mama, bibi na watoto, na baba ambaye yuko kazini mbali.

Kibao cha kuandikia na kondoo wa mlowezi: 1909 hadi 1952

Baada ya Vita Kuu, serikali iliwagawia askari wa Kiingereza mashamba makubwa, na nyanda za kuelekea Nanyuki zikawa za walowezi. Reli ikafika Nanyuki mwaka 1930. Familia za Kigikuyu zilizotaka malisho zilihamia humo kama maskwota: mzee alimfanyia mlowezi kazi kwa siku alizopangiwa, naye akaruhusiwa kulima kipande na kufuga mifugo michache. Mvulana aliendelea kuchunga kama babu yake alivyochunga, lakini kondoo walikuwa wa mtu mwingine, na mmoja akipotea alikatwa mshahara baba. Kazi ilikuwa ileile ya zamani. Mwenye mali ndiye aliyebadilika.

Upande wa pili ulifunguka mlango mpya. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata walikwishafika Nyeri na kujenga misheni ya Mathari. Wapresbiteri kutoka Scotland walianzisha misheni ya Tumutumu, karibu na Karatina, ambako kufikia mwaka 1909 kazi ya tiba na mafundisho ilikuwa imeanza. Waliokwenda huko waliitwa athomi, wasomaji. Mwanzoni wazazi walitoa mtoto mmoja na kuwabakiza wengine kwa mbuzi, na mara nyingi aliyetolewa ni yule aliyeonekana hafai sana malishoni. Haikupita miaka mingi wakaona kuwa aliyejua kusoma ndiye aliyepata ukarani na ualimu. Hesabu ikageuka. Shule ikatafutwa kwa bidii ileile iliyotafutiwa ardhi.

Mwaka 1929 ugomvi kati ya makanisa na waumini kuhusu tohara ya wasichana ulipasua jamii. Wazazi waliokataa masharti ya misheni waliwatoa watoto wao madarasani. Lakini hawakuwarudisha malishoni. Walichanga mbao, mabati na shilingi wakajenga shule zao wenyewe, na Nyeri ikawa mojawapo ya ngome za shule huru za Wagikuyu. Hapa kuna mgeuko mkubwa katika historia hii: watu ambao miaka 30 kabla ya hapo walikuwa hawaijui kalamu, sasa walikuwa tayari kugombana na kanisa na serikali lakini si kukubali mtoto akose darasa.

Watoto wa zama hizo walizibeba kazi zote mbili. Dedan Kimathi, aliyezaliwa Tetu mwaka 1920, alikusanya mbegu za miti na kuziuza apate karo. Mwai Kibaki, aliyezaliwa Gatuyaini, Othaya, mwaka 1931, alikuwa akichunga mifugo ya baba yake na kulea watoto wa dada yake, hadi shemeji yake alipoingilia kati akisema kijana apelekwe shule. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alikuwa na kishamba chake kidogo kando ya mama yake. Mama alimkataza kuokota kuni chini ya mgumo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Kaka yake Nderitu aliuliza swali jepesi: mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mama hakuwa na fedha nyingi, lakini hakuwa na jibu la kupinga. Msichana akaanza shule akiwa na miaka minane. Mgumo ule na kijito kilichokuwa jirani yake vilimkaa moyoni hadi alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Waya wa miba: 1952 hadi 1960

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Serikali ilizishuku shule huru kuwa vitalu vya Mau Mau, waasi wa msituni waliopinga ukoloni, na ikazifunga. Maelfu ya watoto waliamka siku moja hawana darasa. Maskwota walifukuzwa kutoka mashamba ya walowezi na kurudishwa kwenye hifadhi za Wagikuyu, na watoto waliozaliwa kwenye nyanda walifikishwa kwenye migongo ambayo waliijua kwa jina tu.

Juni 1954 ikatoka amri iliyobadilisha sura ya nchi. Watu wote walitakiwa kuiacha miji yao iliyotawanyika na kuhamia vijiji vilivyopangwa. Katika muda wa takriban miezi 15, zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Familia zilipewa muda mfupi wa kukusanya vyombo, kisha nyumba zikatiwa moto. Vijiji vingi vilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa na waya wa miba, mnara wa walinzi ukasimama pembeni, na mlango ukawa mmoja. Wagikuyu walikipa kijiji cha aina hiyo jina lake, gichagi, ili kisichanganywe na itura.

Kwa njia hiyo kijiji, kwa maana ya nyumba zilizosongamana, kilifika Nyeri. Kililetwa kama adhabu.

Yatazame mabadiliko hayo kutoka kwenye kimo cha mtoto. Mtoni hakwendi mtu ila kwa saa zilizoruhusiwa na chini ya ulinzi. Shamba liko mbali, na muda wa kulifikia haupo, kwa sababu mama ameitwa kuchimba. Kando ya msitu wa Mlima Kenya handaki la takriban maili 50 lilichimbwa kuwazuia wapiganaji wasipate chakula, na wachimbaji wengi walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa vizuizini, msituni au makaburini. Watoto walibeba udongo na mawe. Waliobaki nyumbani waliwalea walio wadogo kuliko wao, mtoto wa miaka saba akiwa ndiye mkubwa wa nyumba kuanzia alfajiri hadi filimbi ya jioni. Mikono ilifanya yale iliyofundishwa kufanya: kubeba, kulea, kuchota. Lakini kazi haikuwa na suke mwishoni, wala mtu mzima wa kusema umekua.

Njaa ilifuata, na utapiamlo ukawaangukia wadogo. Wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu waligawa maziwa, lakini hayakutosha. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, aliyechunguza hesabu za sensa, alikadiria kuwa vifo vilivyozidi kawaida miongoni mwa Wagikuyu katika miaka hiyo vilifikia takriban 50,000, na nusu yake ni watoto walio chini ya miaka 10. Namba hiyo isomwe polepole. Katika vita ambavyo picha zake ni za wanaume wenye nywele ndefu msituni, karibu nusu ya waliopotea walikuwa bado hawajauvuka umri wa kufukuza ndege shambani.

Wavulana waliokamatwa kwa tuhuma za kula kiapo cha Mau Mau walipelekwa kambi ya vijana ya Wamumu, Mwea, iliyofunguliwa mwaka 1955, ambako waliishi chini ya nidhamu ya kijeshi na kufundishwa kusoma na ufundi. Mmoja wa maofisa wake, Geoffrey Griffin, alikwenda Nairobi, na mwaka 1959 yeye na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakaanzisha kituo cha Starehe kwa ajili ya watoto wa mitaani, wengi wao mayatima wa vita hivyo. Wangari alikuwa bwenini Mathari, akalindwa na kuta za misheni. Hata hivyo, akiwa na miaka 16, alikamatwa akisafiri kwenda kumwona baba yake Nakuru, akazuiliwa kambini siku mbili. Kimathi, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Watoto wa gichagi waliusikia msiba huo kwa minong'ono.

Kurudi kwenye nyanda: 1960 hadi 2003

Watu wakiwa wamefungiwa vijijini, ardhi ilipimwa upya. Vipande vilivyotawanyika viliunganishwa na kuandikishwa, kila mtu na hati yake. Hali ya Hatari ilipoondolewa mwaka 1960, waliokuwa na hati walijenga kwenye mashamba yao, na waya ukang'olewa. Lakini aliyekuwa kizuizini wakati wa kupima mara nyingi alikuta fungu lake limepungua au limepotea, na skwota wa zamani hakuwa na fungu lolote. Hao walibaki gichagi. Ndiyo sababu katika Kaunti ya Nyeri hadi leo kuna vijiji vya mwaka 1954 vyenye vijumba vilivyopangwa kwa mistari, na watu wa kizazi cha tatu na cha nne wamezaliwa katika kiwanja kilichopimwa na mkuu wa wilaya wa mkoloni.

Wengine walielekea Kieni. Kupitia mipango ya makazi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye kwa vyama na kampuni za kununua ardhi, mashamba ya walowezi yaligawanywa. Watoto wa migongo yenye mvua ya Tetu, Mathira na Othaya walijikuta kwenye tambarare yenye upepo, baridi ya usiku na ndovu wanaoshuka msituni. Maji yalikuwa mbali, kwa hiyo mtungi ukawa kazi yao ya kwanza. Wazazi wao, kama wazazi wa mwaka 1929, walianza na shule: wakachanga, wakabeba mawe na kusimamisha madarasa ya harambee, na walimu wakafundisha madirisha yakiwa bado hayana vioo. Katika miji kama Chaka, shule na soko ndivyo vilivyokusanya watu waliotoka pande tofauti wakawa jamii.

Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa madarasa manne ya mwanzo. Kuanzia 1979 yakaja maziwa ya bure shuleni, maziwa ya Nyayo, na kizazi kizima bado kinaikumbuka ile pakiti ya pembetatu. Kisha michango ya wazazi ikaongezeka, na katika miaka ya 1990 watoto wengi walirudi mashambani na sokoni. Januari 2003 serikali mpya ya Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi, na idadi ya wanafunzi nchini ikaongezeka kwa zaidi ya milioni moja ndani ya mwaka huo. Aliyeiongoza serikali hiyo ni yule mvulana wa Othaya aliyetolewa malishoni kwa neno la shemeji. Katiba ya mwaka 2010 ikaifanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, na ikampa haki ya kulindwa dhidi ya kazi ya kumdhuru.

Jioni ya Chaka

Mtoto anayekokota kondoo kando ya lami leo amebeba tabaka zote hizo. Jina lake ni la babu yake. Shamba la wazazi wake lilikuwa la mlowezi, na kabla ya hapo lilikuwa malisho ya mpakani. Shule anayotoka ilijengwa na watu waliowahi kufungiwa shule. Anachunga kwa saa moja, kisha anafungua daftari, kwa kuwa sasa daftari ndilo litakaloonyesha kama amekua.

Kilichopungua ni jukwaa lile la katikati ya shamba, mahali ambapo mtoto aliwaona watu wake wote kwa pamoja na kujua anahitajika. Shule humfundisha mengi kuhusu nchi na dunia. Habari za mgongo wake mwenyewe huzipata tu ikiwa kuna mtu wa kumsimulia.

Na wasimulizi wanapungua. Aliyekuwa na miaka minane nyumba yao ilipochomwa mwaka 1954 leo ni wa miaka 80 hivi. Yeye ndiye cucu, yaani bibi, anayeota jua nje ya duka, ndiye guka, yaani babu, anayeegemea fimbo stendi ya matatu. Wengi wao hawakuwahi kuulizwa walibeba mawe mangapi, nani aliyewapikia, walimzika ndugu yupi bila vigelegele. Kumbukumbu zao hazimo katika hati za ardhi wala za mahakama. Zimo vifuani mwao, na kwa desturi ya Kigikuyu neno la namna hiyo hutolewa usiku, kando ya moto, kwa anayelitaka. Mzee husema gwata ndai, kisha hunyamaza na kungoja. Hataendelea mpaka asikie sauti ya mtoto ikiitika: ndagwata.